Mdogo wangu ameacha dawa za akili, na kliniki hakuna anayezungumza naye. Tufanye nini?

SWALI: Daktari, naandika nikiwa Luanda, Kaunti ya Vihiga. Mdogo wangu ana miaka 24, ni fundi wa pikipiki. Mwaka jana alianza kudai watangazaji wa redio wanamsema, akaacha kulala, mwishowe akampiga jirani. Tulimpeleka hospitali, akalazwa wiki tatu, akatoka akiwa mzima kabisa. Tangu hapo kliniki ni mara moja kwa mwezi. Tunaondoka alfajiri, tunakaa kwenye foleni hadi saa saba, na tukiingia ndani mama ndiye anayeulizwa, "Anaendeleaje?" Dawa zinaandikwa zilezile, tunaambiwa tukanunue nje. Yeye mwenyewe haulizwi kitu. Hata jina la ugonjwa hatujawahi kuambiwa. Miezi miwili iliyopita aliacha dawa, akasema zinamfanya awe kama gogo. Sasa ameanza tena kuzungumza peke yake usiku. Mjomba anataka tumfunge tumpeleke kwa maombi. Mama amechoka. Je, tumlazimishe kumeza? Huduma hizi haziwezi kuwa bora kuliko hivi? Na ataweza kurudi kazini?

JIBU: Dada yangu, poleni sana, na mpe mama pole zangu.

Nianze na la haraka. Mtu aliyewahi kuugua hivyo, akaacha dawa, kisha akaanza kuzungumza peke yake usiku, ugonjwa wake unarudi. Ukiwahiwa katika hatua hii mara nyingi hutulia bila kulazwa. Kwa hiyo msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kitabu cha kliniki. Mpelekeni wiki hii. Akipata homa, au akichanganyikiwa ghafla hata asijue yuko wapi, msiende kliniki ya akili kwanza. Nendeni sehemu ya dharura, saa hiyohiyo. Huku kwetu karibu na ziwa malaria kali humfanya mtu kuweweseka, na familia iliyokwisha kuzoea ugonjwa wa akili ndiyo huchelewa zaidi, kwa sababu hudhani ni yaleyale ya zamani.

Muulize pia, waziwazi na kwa upole, kama anafikiria kufa. Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Wengi hupumua wakisikia mtu amethubutu kuuliza. Akikubali, msimwache peke yake, ondoeni dawa za shambani na kamba karibu naye, na mlete hospitali siku hiyo. Msiogope kumweleza mhudumu ukweli kwa kuhofia polisi. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na kiliwafunga watu midomo mpaka ndani ya hospitali. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Sasa swali lako la kwanza, la kumlazimisha. Jibu langu ni hapana, na naongeza jambo ambalo hukuliuliza: msimfichie dawa kwenye uji au chai. Najua familia nyingi hufanya hivyo kwa mapenzi. Lakini fikiria hali ya kijana ambaye ugonjwa wenyewe unamwambia watu wanamfanyia njama. Siku atakapogundua kwamba chai ya mama ilikuwa na kitu ndani, mtakuwa mmempa ushahidi. Ataacha dawa, ataacha chakula cha nyumbani, na mama yako, ambaye ndiye mtu wa mwisho anayemwamini, atakuwa adui.

Rudi kwenye neno lake mwenyewe: gogo. Mdogo wako si mkaidi. Amekupa maelezo sahihi ya jambo tunalolifahamu vizuri sana. Dawa zinazopatikana zaidi katika hospitali zetu za umma kwa ugonjwa wa namna hii ni zile za zamani: haloperidoli, klopromazini ambayo wengi huiita Largactil, na sindano ya mwezi inayojulikana kama Modecate. Ni dawa nzuri. Zimewarudisha watu wengi nyumbani kwao. Hufanya kazi kwa kupunguza nguvu ya dopamini, kemikali ambayo ubongo hutumia kupelekeana habari, na kwa njia hiyo hunyamazisha sauti na hofu. Tatizo ni kwamba dopamini hiyohiyo huendesha pia mwendo wa misuli na hamu ya mtu ya kufanya mambo. Dozi ikizidi mwili wake, mtu hukakamaa, uso hukosa uchangamfu, mikono hutetemeka, mate humtoka, au miguu inakataa kutulia hata akiketi. Wengine shingo hupinda ghafla, jambo linalotisha mno kwa asiyeambiwa mapema, ingawa sindano moja hospitalini huliondoa haraka.

Kuna moja zaidi, na naiandika bila kuzunguka kwa sababu kuizungukia ndiko kunakotugharimu. Dawa hizi zinaweza kupunguza nguvu za kiume. Kijana wa miaka 24 atawezaje kulisema hilo wakati mama yake ameketi kiti cha pembeni na ndiye anayeulizwa maswali? Hatalisema. Atanyamaza, atarudi nyumbani na pakiti yake, na mwezi utakaofuata zitakuwa chini ya godoro. Halafu kwenye faili tutaandika kwamba mgonjwa hafuati masharti. Kwa maoni yangu faili za namna hiyo ndizo kosa kubwa zaidi la huduma yetu, kubwa kuliko foleni, kwa sababu zinamlaumu mgonjwa kwa mazungumzo ambayo sisi hatukuyafanya.

Yote hayo yana tiba. Dozi inaweza kupunguzwa. Inaweza kuongezwa dawa ya kulegeza misuli, ile inayoitwa Artane. Au anaweza kuhamishiwa dawa mpya zaidi, kama risperidoni au olanzapini. Hizi nazo zina mambo yake: olanzapini huongeza uzito na yaweza kupandisha sukari, kwa hiyo apimwe uzito na sukari kabla ya kuanza na mara kwa mara baadaye. Yeye ni fundi, mweleze kwa lugha ya kazi yake. Pikipiki ikinguruma vibaya huitupi, unaifungua kabureta na kuirekebisha kidogo kidogo huku ukisikiliza. Anayeweza kusikiliza injini hii ni yeye peke yake, na ndiyo maana daktari anamhitaji aongee.

Kwamba dawa zenyewe ni za lazima kwa sasa, sina shaka. Uchambuzi uliokusanya majaribio 65 na kuchapishwa mwaka 2012 ulihusu watu wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, ambao walikuwa wametulia. Ndani ya mwaka mmoja, kati ya kila 100 waliobadilishiwa dawa na kupewa vidonge visivyo na kitu, 64 walirudiwa na ugonjwa. Kati ya 100 walioendelea na dawa, walirudiwa 27. Mwambie takwimu zote mbili, pamoja na hiyo 27. Mtu mzima akiambiwa ukweli wote, hata ule usiopendeza, huwa rahisi kwake kukuamini kesho. Sisemi mdogo wako ana skizofrenia. Kwa barua siwezi kujua. Dalili kama zake zinaweza kutokana na ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, na bangi huzichochea au kuzizidisha. Ndiyo maana mna haki ya kuuliza: ugonjwa huu unaitwaje, na mmefikiaje uamuzi huo?

Sasa siku ya kliniki yenyewe. Nakuomba usiiachie bahati. Usiku wa kuamkia safari keti naye, si mbele ya watu wengi, mwandike kwenye karatasi moja mambo matatu: kinachomsumbua zaidi sasa, kile dawa ilichomfanyia kibaya, na kile anachokitaka maishani kwake. Hilo la tatu hudharauliwa, lakini ndilo linalobeba mengine. Akisema anataka kushika spana bila mikono kutetemeka, basi dozi itapimwa kwa spana hiyo. Bebeni pakiti zote za dawa, hata zilizoisha.

Mkiingia, wewe au mama semeni mapema kabisa: "Daktari, tunaomba azungumze nawe mwenyewe kwanza, peke yake, halafu sisi tuingie." Dakika tano zinatosha. Najua foleni ilivyo, nami hukaa upande ule wa meza. Lakini dakika tano hizo ni fupi kuliko wiki tatu za wadi. Mimi huwafundisha wauguzi wanafunzi kwamba swali la "Unameza dawa?" lina jibu moja tu, nalo ni "Ndiyo." Nawaomba waulize, "Watu wengi hukosa kumeza siku kadhaa. Wewe hukosa mara ngapi, na huwa ni kwa sababu gani?" Na wanyamaze wasubiri. Mhudumu asipouliza hivyo, mdogo wako anaweza kujijibia kwa kutoa ile karatasi.

Kabla hamjasimama, ombeni jambo moja la mwisho: yeye arudie kwa maneno yake, kwa Kinyore kama ndicho kinachomtoka vizuri, ni dawa gani, mara ngapi, madhara gani yamrudishe hospitali bila kungoja, na atajaribu dozi hii mpaka lini. Akikosea, kosa ni la aliyeeleza, aeleze tena. Ulizeni pia kama kuna simu ya kliniki ambayo mnaweza kupiga kati ya tarehe na tarehe.

Haya si hisani mnayoomba. Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho makubwa Juni 2022, inampa mgonjwa haki ya kupewa habari kuhusu ugonjwa na matibabu yake, kushiriki katika kupanga matibabu hayo, kutoa idhini, na kutunziwa siri. Anaweza pia kuwa na mwakilishi wa kumsemea pale atakapozidiwa. Akiwa ametulia, muulize angependa awe nani. Huenda akakuchagua wewe badala ya mama, na mama asiumie. Wakati mwingine kijana humficha mama mambo kwa sababu hataki kumwongezea mzigo. Kulazwa bila hiari bado kupo kisheria, kwa mtu ambaye ugonjwa umemfanya kuwa hatari kwake au kwa wengine, lakini ni hatua yenye masharti na muda, na mahali pake ni hospitali.

Kwa mjomba, nisaidie kumfikishia haya kwa heshima. Maombi hayagombani na dawa. Mchungaji wenu akikubali kusimama mbele ya familia na kusema, "Meza dawa zako, nasi tutakuombea," sauti yake itazidi yangu, na ningefurahi mkimwendea kabla ya safari ya kliniki. Kumfunga kamba au mnyororo ni jambo jingine. Kunajeruhi mishipa na mifupa, kunaongeza hofu ambayo tayari inamtafuna, na ni ukatili ambao Katiba yetu, katika vifungu vya 28 na 29 kuhusu utu na usalama wa mtu, haiukubali hata ukifanywa na jamaa.

Nyumbani, punguzeni maneno makali. Si ushauri wa adabu tu. Katika utafiti wa London uliochapishwa mwaka 1976, watafiti waliwafuatilia wagonjwa wa skizofrenia waliotoka hospitali kurudi kwa familia zao. Waliorudi kwenye nyumba za lawama, ukali na kuingiliwa kupita kiasi, karibu nusu walirudiwa ndani ya miezi tisa. Kati ya waliorudi kwenye nyumba tulivu, waliorudiwa walikuwa chini ya mmoja katika kila sita. Familia hazisababishi ugonjwa huu. Mama asije akasikia hivyo. Lakini sentensi moja fupi, "Nimekuona hukulala, nini kinakusumbua?", inamfikia mtu ambaye hotuba nzima haiwezi kumfikia. Akikwambia redio inamsema, usibishane naye na usikubali pia. Mwambie, "Mimi siisikii ikikusema, lakini naona inakutisha. Nikae nawe?" Na mama apumzike. Pangeni zamu, hata kama ni usiku mmoja mmoja.

Umeuliza kama huduma zenyewe haziwezi kuwa bora. Zinaweza, na karatasi za kuziboresha tunazo tele. Tangu hospitali ya akili ya Mathari ilipofunguliwa Nairobi mwaka 1910, nchi hii ilizoea kuupeleka ugonjwa wa akili mbali na nyumbani. Mwaka 2013 afya ikaja mikononi mwa kaunti. Ikafuata sera ya taifa ya afya ya akili ya 2015 hadi 2030. Jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga likapendekeza mwaka 2020 kwamba hali hii itangazwe dharura ya kitaifa. Kisha ikaja sheria ya 2022, ambayo imeweka wajibu waziwazi kwa serikali za kaunti kupeleka huduma hadi kwenye jamii. Kinachokosekana ni fedha zilizotengwa kwa jina, na watu walioachwa wafanye kazi waliyosomea. Muuguzi wa afya ya akili akipangiwa wadi ya kujifungulia kwa sababu huko kuna upungufu, kaunti kwenye hesabu zake inaye, lakini wewe kwenye foleni humwoni.

Ningekuwa na sauti ya kuomba jambo moja tu kwa kaunti zote za magharibi, lingekuwa hili: mgonjwa aliyetulia achukue dawa zake kwenye kituo cha afya kilicho karibu na kwake, kwa mhudumu aliyefunzwa, na hospitali kubwa ibaki kwa waliozidiwa. Haihitaji jengo jipya. Shirika la Afya Duniani limekuwa na mpango wa kuwafunza wahudumu wa kawaida kazi hii tangu 2008, unaitwa mhGAP, na Kenya imeshautumia. Dawa za msingi nilizotaja ni za bei ya chini na zimo katika orodha ya dawa muhimu ya taifa. Foleni ya hospitali ikipungua, zile dakika tano zinapatikana. Ndiyo maana nasema mazungumzo na sera ni jambo moja: daktari mwenye wagonjwa 60 kabla ya saa saba hawezi kumsikiliza mdogo wako hata akiwa na moyo wa dhahabu.

Ninyi mnaweza kusukuma. Ulizeni kituo cha karibu kama wanaweza kuendeleza dawa zake kwa barua ya hospitali. Wakati mwingine jibu ni ndiyo, ila hakuna aliyewahi kuuliza. Msajilini SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF ya zamani Oktoba 2024, kwa sababu huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya zimepangwa kulipiwa na serikali kwa aliyesajiliwa. Kila kituo kina kamati yenye wanajamii ndani. Tafuteni mwanakamati wenu. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa kwa bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Aprili, na kabla ya kupitishwa wananchi lazima wasikilizwe. Familia tano zenye mgonjwa wa akili zikifika kwenye kikao hicho na barua ya ukurasa mmoja inayotaja dawa tatu kwa majina, mwakilishi wa wadi hawezi kusema hakujua. Nimesema familia tano kwa makusudi. Barabara huombwa na kijiji kizima. Dawa za akili huombwa na mtu mmoja kwa kunong'ona, kwa aibu, na ndiyo maana hukosekana.

Mwulizeni pia mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea boma lenu. Mwaka 2023 serikali iliwatuma mashinani wahudumu 100,000 wakiwa na mikoba ya vifaa, na kupita nyumbani kuona kama mtu analala na anameza dawa ni kazi wanayoiweza. Zimbabwe, tangu 2006, akina nyanya waliofunzwa huketi kwenye benchi nje ya zahanati za Harare kuwasikiliza watu wenye huzuni nzito na kuwasaidia kupanga njia ya kutoka, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliopata huduma hiyo walipungukiwa na dalili kuliko waliopata matibabu ya kawaida. Ugonjwa wa mdogo wako unahitaji dawa, benchi peke yake haitoshi. Lakini mama yako angefaidi benchi kama hilo, na hapo kwenu hamkosi mama wa kanisa mwenye masikio.

Kuhusu kazi: ndiyo, anaweza kurudi, na asingoje mpaka apone kabisa, kwa sababu kazi yenyewe ni sehemu ya kupona. Aanze na nusu siku, kazi za benchi kwanza, kufunga plagi na kubadilisha oili. Asijaribu pikipiki barabarani mpaka dozi itulie na mhudumu aseme usingizi wa dawa umeisha. Dawa zikimlaza mchana, aombe zihamishiwe usiku. Mwenye gereji aambiwe kiasi ambacho mdogo wako mwenyewe amekubali kiambiwe, si zaidi. Kwa kawaida inatosha kusema, "Nilikuwa mgonjwa, natumia dawa, nikionekana sijalala siku mbili mpigie dada yangu." Ikiwa ugonjwa utakaa naye kwa muda mrefu, ulizeni kuhusu kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, maana ulemavu unaotokana na ugonjwa wa akili unatambuliwa huko na kadi yake hufungua misaada kadhaa. Tathmini hufanyiwa hospitali ya serikali, kwa hiyo mnaweza kuiulizia siku hiyohiyo mtakayokwenda wiki hii.